Goti la Mama Mkubwa lilisubiri miaka kumi

Wiki tatu zilizopita niliwaomba radhi wasomaji wa safu hii kwa kukosekana, nikaeleza kwamba nilikuwa Arumeru ninamuuguza Mama Mkubwa aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Sikutegemea kwamba sentensi ile moja ingeniletea ujumbe mwingi kiasi kile. Dada mmoja wa Singida anasema mama yake amepinda miguu hadi akitembea anayumba kama aliyepanda mtumbwi. Kaka mwingine ana miaka 50, ana matege tangu utotoni, na sasa goti moja linamuuma usiku hadi analala ameketi. Wengi wenu mmeuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Mguu uliopinda sana, tena wa mtu mzima, unaweza kweli kuwekewa goti jipya na ukanyooka? Na kuna faida gani kumpeleka mzee wa miaka 68 kwenye kisu?

Jibu la swali la kwanza ni fupi: ndiyo, unaweza. La pili ni refu kidogo, na ndilo lililonifanya niichukue nafasi yote ya leo, maana familia yetu ililijibu vibaya kwa miaka kumi na aliyelipa gharama ni Mama Mkubwa.

Nianze na miguu yenyewe. Mama Mkubwa, dada wa kwanza wa mama yangu, ana matege tangu nilipopata akili. Utani wa kijijini ulikuwa kwamba mbuzi anaweza kupita katikati ya miguu yake bila kugusa kanga, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuucheka. Ana pia meno ya kahawia, na tulipokuwa watoto tulidhani kila mtu mzima wa upande ule huzaliwa nayo. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba maji ya sehemu nyingi zinazozunguka Mlima Meru, pamoja na maeneo kama Ngarenanyuki na Maji ya Chai, yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto anayekua akinywa zaidi ya hapo kwa miaka mingi huota meno ya kahawia, na yakizidi sana, mifupa nayo huathirika na miguu inaweza kupinda. Ongezea magadi tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive haraka, ambayo nayo huwa na floraidi. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichompinda Mama Mkubwa, kwa kuwa matege ya utotoni yana sababu nyingine pia, hasa upungufu wa vitamini D na kalsiamu. Ila daktari alipomtazama meno kabla ya kumtazama magoti, alitikisa kichwa kama mtu aliyekwishajua anatoka wapi.

Kwa miaka hamsini matege yale hayakumzuia kitu. Alilima, alibeba ndizi kichwani hadi sokoni Tengeru, alizaa watoto watano. Maumivu yalianza alipofika kwenye hamsini na kitu. Kwanza ilikuwa asubuhi tu, akiamka. Baadaye ikawa akishuka mteremko. Kisha tukaona miguu inazidi kupinda, hasa wa kulia, na kila akikanyaga goti linachomoka kwenda nje kama linataka kumkimbia.

Alifanya anachofanya kila mtu. Alipaka dawa ya kuchua, akachanjwa chale kuzunguka goti, akanywa mizizi. Duka la dawa la barabarani lilimuuzia diklofenaki kila wiki bila kumuuliza lolote, mpaka siku alipotapika damu ndipo tukaelewa vidonge vile vinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo vikitumiwa hivyo. Kuna hospitali moja, sitaitaja, iliyomchoma sindano ndani ya goti mara nyingi bila hata siku moja kumpiga picha akiwa amesimama. Sindano ilimpa nafuu ya mwezi, mwezi na nusu, halafu anarudi pale pale.

Mwaka ule binti yake mkubwa aliposikia habari za goti bandia, kiliitwa kikao. Wajomba walikaa, chai ikanywewa, hukumu ikatoka: huyu ni mzee, uzee hauna dawa, upasuaji kama huo ni mpaka India, na mguu wenyewe ulivyopinda hakuna chuma kitakachokaa. Fedha zilizokuwa zimechangwa zikaelekezwa kwenye harusi. Mama Mkubwa mwenyewe hakuulizwa. Alikuwa jikoni, anawapikia.

Sasa niwaeleze nilichokuja kuelewa baada ya kukaa na daktari wa mifupa kwa karibu saa nzima, jambo ambalo tungelifanya mapema lisingetugharimu kitu.

Mguu ulionyooka, ukichora mstari kutoka katikati ya kiungo cha nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu, mstari huo hupita karibu na katikati ya goti. Uzito wa mwili unafuata njia hiyo. Kwa mwenye matege mstari unasogea upande wa ndani wa goti, na matege yakiwa makubwa hauligusi goti kabisa, unapita hewani katikati ya miguu miwili. Na uzito huo si mdogo. Mtu anapotembea tambarare tu, goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake kwa kila hatua. Mama wa kilo 70 anaweka kilo 140 hadi 210 juu ya goti moja, na kwa mwenye matege karibu zote zinaangukia upande mmoja.

Angalieni soli ya kiatu cha mtu anayekanyaga upande. Inalika pembeni, na kadiri inavyolika ndivyo mguu unavyozidi kulalia pale palipolika. Goti ni hivyo hivyo. Gegedu, ile nyama laini inayoteleza inayofunika ncha za mifupa, linalika upande wa ndani. Likiisha, mfupa unasaga mfupa. Mfupa nao unaanza kulika na kutengeneza shimo, upande wa ndani unashuka, mguu unapinda zaidi, na uzito unazidi kuelemea pale pale. Ndiyo maana matege ya mtoto yanaweza kutulia kwa miaka hamsini, lakini yakishaanza kuuma na kuongezeka ukubwani hayarudi nyuma kwa dawa ya kuchua.

Picha ya kwanza aliyopigwa kwenye hospitali aliyofanyiwa upasuaji ilikuwa ndefu kuliko picha yoyote ya eksirei niliyowahi kuona. Ilianzia nyonga ikaishia nyayo, naye amesimama. Daktari alichukua rula akachora ule mstari. Ulipita mbali na goti. Akapima pembe, akasema nyuzi 24. Mara nyingi madaktari huita matege makali yakifika nyuzi 20. Mama Mkubwa alitazama mstari ule kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu, mguu wangu unasimama nje ya mwili wangu." Daktari akacheka, akasema hajawahi kusikia mtu akilieleza vizuri hivyo.

Wasomaji mnaompeleka mzazi, picha hiyo ndefu ya kusimama iulizieni. Picha fupi ya goti peke yake, tena mgonjwa akiwa amelala, huficha nusu ya tatizo. Haioneshi kama mpindo uko kwenye goti lenyewe au uko chini zaidi, kwenye mfupa wa muundi, au juu kwenye paja. Jambo hilo linabadilisha upasuaji wote, kama nitakavyoeleza.

Jina hili la "kubadilisha goti" linatisha bure. Wengi wanadhani goti zima linakatwa na kutupwa, kisha linafungwa la chuma kama la gari. Kinachofanyika ni kwamba daktari anaondoa tabaka jembamba la mfupa uliolika, kwa kawaida milimita 8 hadi 10 hivi, kwenye ncha ya mfupa wa paja na juu ya mfupa wa muundi. Ncha ya paja inavalishwa kifuniko cha chuma. Juu ya muundi kunalazwa kisahani cha chuma. Katikati yao inakaa plastiki ngumu sana inayofanya kazi ya gegedu. Mara nyingi vyote hushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Nyama, ngozi na misuli ni yako ile ile.

Kwa mtu mwenye goti lililolika lakini mguu umenyooka, kazi huishia karibu hapo. Kwa mwenye matege makali, kukata mfupa ndiyo sehemu rahisi. Kazi kubwa iko kwenye kano, zile kamba zinazofunga mfupa na mfupa. Baada ya miaka mingi ya kupinda, kano za upande wa ndani zimefupika na kukakamaa, na za nje zimevutika na kulegea kama mpira wa suruali kuukuu. Ukiweka goti jipya bila kulitazama hilo, upande mmoja utabana na mwingine utacheza, na goti litachomoka tena kama zamani. Kwa hiyo daktari anaondoa kwanza vijiti vya mfupa vilivyoota pembeni na kuzivuta kano, kisha anazilegeza za ndani kidogo kidogo, anapima, analegeza tena, mpaka pande zote mbili zilingane goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa. Akilegeza kupita kiasi, hawezi kurudisha. Daktari wetu alisema hapo ndipo panapohitaji mkono uliozoea, na nikamwelewa, maana hata fundi cherehani anajua kupunguza nguo ni rahisi kuliko kurudisha kitambaa kilichokwisha katwa.

Kisha kuna lile shimo. Mfupa wa muundi wa Mama Mkubwa ulikuwa umelika upande wa ndani kama jiwe la kusagia, na kisahani cha chuma hakiwezi kulazwa juu ya shimo. Likiwa dogo linajazwa saruji, wakati mwingine pamoja na skrubu, au kwa vipande vya mfupa wa mgonjwa mwenyewe uliokatwa wakati ule ule. Likiwa kubwa huwekwa kipande cha chuma cha kujazia, na kisahani huongezewa mguu mrefu unaoingia ndani ya mfupa ili kisitikisike. Na kama kano za nje zimelegea mno, linahitajika goti la aina nyingine lililoundwa kushikana lenyewe zaidi, na kwa hali mbaya kabisa, lenye bawaba kama ya mlango.

Vifaa hivyo vya nyongeza havikai kila hospitali, na ni ghali kuliko goti la kawaida. Vya Mama Mkubwa viliagizwa na tukasubiri wiki saba. Daktari hakutulaumu, ila alisema jambo moja ambalo binti yake alilia nalo njia nzima ya kurudi nyumbani. Alisema kwamba miaka kumi iliyopita mfupa huu ulikuwepo, na kano hizi zilikuwa bado na uhai; angewekewa goti la kawaida tu.

Kuna wengine, hasa waliopata matege kutokana na udhaifu wa mifupa utotoni au mfupa uliovunjika ukaungana vibaya, ambao mpindo wao uko mbali na goti. Hao wakati mwingine goti pekee haliwezi kunyoosha mguu. Daktari hulazimika kuukata mfupa pale ulipopinda na kuunyoosha, ama siku hiyo hiyo ya kuweka goti ama kabla yake. Yule kaka wa miaka 50 aliyeniandikia aulizie hili vizuri. Kwa mtu ambaye goti lake limelika upande wa ndani tu na bado ana nguvu, upo pia upasuaji wa kuunyoosha mfupa wa muundi bila kuweka goti bandia, ili uzito uhamie upande ambao bado ni mzima. Unaweza kumsogezea mbele haja ya goti bandia kwa miaka kadhaa. Akichelewa, upande wa pili nao ukilika, mlango huo unafungwa.

Nisieleweke vibaya nikawafanya mkimbilie wote hospitalini. Matege peke yake si sababu ya kufanyiwa upasuaji wa goti. Mzee aliyepinda miguu lakini anatembea, analala usingizi na haumwi, mwacheni na miguu yake. Kisu ni kwa ajili ya maumivu yaliyoshindikana na maisha yaliyosimama, si kwa ajili ya umbo. Lakini akianza kuumwa na mkaona mpindo unaongezeka mwaka hadi mwaka, huyo apelekwe akapimwe, hata kama hatapasuliwa mwaka huu. Kupunguza uzito, mkongojo upande wa mguu mzima, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja vinasaidia wengi, na vinamsaidia hata atakayepasuliwa baadaye.

Na India? Si lazima. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imekuwa ikibadilisha magoti na nyonga kwa miaka mingi, na wako madaktari waliosomea kazi hii katika hospitali nyingine kubwa nchini. Gharama sitazitaja kwa kuwa zinatofautiana sana. Ombeni mchanganuo wa maandishi kabla ya kukubali: goti lenyewe, vipande vya nyongeza, siku za kulazwa, mazoezi ya baadaye. Wenye bima waulize kila kimoja kati ya hivyo, maana sisi tuliambiwa "inalipiwa" halafu kipande cha kujazia kikawa juu yetu.

Hatari zipo, na yeyote anayewaambia hazipo mkimbieni. Kati ya watu 100 wanaowekewa goti, mmoja au wawili hivi hupata maambukizi ndani ya kiungo, na hayo ni mabaya kwa sababu vijidudu hujificha kwenye chuma na huenda goti likalazimika kutolewa. Ndiyo maana kabla ya upasuaji walimpima Mama Mkubwa sukari, wakamng'oa jino lililooza, wakamtibu kidonda kidogo cha kidole cha mguu ambacho sisi hatukukiona kuwa kitu. Damu inaweza kuganda kwenye mguu, kwa hiyo alipewa dawa ya kuizuia na kusimamishwa mapema. Goti linaweza kukakamaa. Na hata pale kila kitu kinapokwenda sawa, karibu mtu 1 kati ya 5 husema hakuridhika kama alivyotarajia. Kwa upande mwingine, utafiti uliochapishwa na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti bandia zaidi ya 8 kati ya 10 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa mama wa miaka 68, hilo ni goti la maisha yaliyobaki.

Upasuaji wenyewe ulichukua zaidi ya saa mbili, kwa ganzi ya sindano ya mgongoni. Siku iliyofuata walimsimamisha. Aliutazama mguu wake wa kulia umelala kitandani umenyooka kama wa mtu mwingine, akaniuliza taratibu kama ni wake.

Hapo ndipo kazi ya familia ilipoanza, na hapo ndipo tulipokosea tena, safari hii kwa mapenzi. Goti lilikuwa linauma, na lilipata nafuu likikunjwa kidogo. Basi kila aliyekuja kumwona alikunja kitenge akamwekea chini ya goti. Dada wa mazoezi tiba alipoingia na kuona, alikitoa kwa hasira. Goti la matege makali mara nyingi lilikuwa halinyooki kikamilifu hata kabla ya upasuaji, na likiachwa limekunjwa wiki za mwanzo linakauka hivyo hivyo. Kitenge kinawekwa chini ya kisigino, goti linaning'inia na kunyooka kwa uzito wake. Linauma, lakini ndiyo dawa. Ukimwonea huruma mgonjwa wako kwenye hili, unampokonya kile alicholipia.

Na nyumba iandaliwe kabla, si baada. Goti bandia kwa kawaida hukunja hadi nyuzi 110 au 120. Kuchuchumaa kunataka zaidi ya hapo. Kwa hiyo choo cha kuchuchumaa ni tatizo la siku ya kwanza, na sisi tulilikumbuka akiwa tayari yuko ndani ya gari anarudi. Fundi seremala wa jirani alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu, akakiweka juu ya shimo, akapigilia ubao wa kushika ukutani. Kigoda cha jikoni kikaondolewa. Yeye ndiye aliyekilalamikia kuliko maumivu, maana amepikia mafiga matatu maisha yake yote na hajui kupika akiwa juu. Tukajenga jiko la tofali la kimo cha kiuno. Kitanda kilikuwa chini mno, tukakiinua kwa matofali. Kupiga magoti kanisani kumekwisha, anasali ameketi, na jirani yake Mwislamu aliyewekewa goti miaka minne iliyopita ndiye aliyemtuliza kwa kumwambia kwamba yeye huswali kwenye kiti na hajaona Mungu akimnunia.

Wiki sita za mwanzo mtu asiachwe peke yake. Panga zamu mapema, na anayepangiwa zamu ajue kuhesabu mazoezi, siyo kuchemsha uji tu. Mjukuu wa darasa la sita ndiye aliyekuwa msimamizi mkali kuliko wote. Alichora jedwali kwenye daftari, asubuhi, mchana, jioni, na bibi yake alimwogopa kuliko daktari.

Kuna jambo moja hakuna aliyetuambia, nami nawaambia ninyi. Mguu uliopinda ukinyooshwa unarefuka. Wa kulia wa Mama Mkubwa sasa umenyooka na wa kushoto bado una matege, kwa hiyo mmoja ni mrefu kuliko mwingine, na wiki za kwanza alidhani amekosewa. Aliyumba zaidi ya zamani na kiuno kikaanza kumuuma. Fundi viatu wa Tengeru alimwongezea soli kwenye kiatu cha kushoto kwa kipimo alichoandika daktari, na kuyumba kukapungua. Kwa wenye matege ya miguu yote miwili, madaktari wengi hufanya goti moja, wakasubiri miezi kadhaa, wakafanya la pili. Ulizeni mapema ni lini, ili hata michango ipangwe kwa magoti mawili na siyo moja.

Kwa wale walionitumia picha za watoto, nitajibu kwa kifupi kwa kuwa ni mada ya siku nyingine. Mtoto chini ya miaka miwili kuwa na matege ni kawaida, na wengi hunyooka wenyewe. Akipita miaka mitatu bado amepinda, au mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, au mpindo unaongezeka, apelekwe kwa daktari wa mifupa. Utotoni mguu unanyooshwa kwa njia nyepesi zaidi, kwa sababu bado unakua. Mnaoishi maeneo yenye floraidi nyingi, tafuteni maji yaliyopimwa kwa ajili ya watoto, na kuchemsha hakusaidii. Kunaondoa vijidudu, floraidi inabaki.

Jumapili iliyopita nilikuwa tena Arumeru. Sasa ni mwezi wa nne tangu upasuaji. Mama Mkubwa alinisindikiza hadi barabarani, kama mita 300, na fimbo mkononi lakini haikugusa ardhi sana. Anasema usiku bado goti linapata joto, na akikaa sana linakuwa zito, ila lile la kuchomoka halipo. Wa kushoto umeshaanza kulalamika. Daktari amempangia picha mwezi wa nane, na yeye amesema ataamua baada ya kuvuna mahindi. Wajomba safari hii hawajaitwa.